Mapigo Mawili Chini ya Sakafu

Kila mchana, saa saba kasoro dakika chache, samaki wa mwisho wa ukoo wake aligonga mara tatu.

Hakugonga ukuta wala kioo. Aligonga ndani ya mwili wake mwenyewe, msuli mdogo ukipiga mfuko wa hewa uliokuwa tumboni kama kidole kinavyopiga ngoma, ko, ko, ko. Kisha alisimama katikati ya maji bila kutikisa pezi, akasubiri. Ndiyo maana watu wa zamani waliwaita samaki hawa vigonga. Dume hugonga mara tatu, jike hujibu mara tatu, na hapo ndipo mambo ya mayai huanza. Babu, kama kituo kizima kilivyomwita, alikuwa na miaka ishirini na miwili, na tangu apate akili ya kugonga hakuwahi kujibiwa hata siku moja.

Aliyekuwa akimsikiliza ni binti mmoja aliyemaliza chuo mwaka uliopita, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Watu walimwita Sikio, na jina lilitokana na kazi. Ndani ya kichwa cha kila samaki mna vijiwe vya sikio, vidogo kama punje za mchele, na vijiwe hivyo hukua kwa pete, pete moja kwa mwaka. Sikio alivikata kwa msumeno mwembamba, akavisugua mpaka mwanga ukapita, akahesabu pete chini ya hadubini. Alikuwa amesoma umri wa samaki waliokufa juzi na wa samaki waliokufa kabla binadamu hajajua kusimama. Chumba chake kilikuwa na sheria moja tu, iliyoandikwa kwa wino mwekundu juu ya meza: wahesabu wawili, kila mmoja peke yake, na ambaye hajaandika haambiwi namba ya mwenzake. Maana mtu akishaambiwa tisa, hata pete nane zitaonekana tisa.

Tangi la Babu lilikuwa chumba cha chini kabisa, la saruji, rangi yake ya buluu imebanduka kama ngozi iliyoungua jua. Ili kufika huko ulishuka ngazi za mawe, na ukutani kwenye kona ya ngazi palitundikwa bamba la mwamba lenye urefu wa mtu mzima. Sikio hakuwahi kulipita bila kuligusa. Chini kabisa ya bamba walilala vigonga wa kale, kila mwiba mahali pake, macho makubwa kama vifungo vya koti. Juu yao mkanda mweupe wa chumvi, unene wa kiganja, wa zile zama ambazo ziwa lilikauka. Katika mkanda ule hapakuwa na mfupa hata mmoja. Halafu, juu ya chumvi, vigonga tena. Walewale, macho yaleyale, kana kwamba walikuwa wameingia chumbani, wakafunga mlango, wakatoka baada ya miaka elfu nyingi bila kusema walikuwa wapi.

Mkuu wa kituo alikuwa ameuliza swali hilo kwa miaka arobaini. Alikuwa mama aliyekwisha kuvuka makamo, vidole vimejaa vumbi la mwamba lisilotoka kwa sabuni, na walimwita Mama Mawe mbele yake na nyuma yake. Sikio alipoajiriwa, siku ya kwanza kabisa, Mama Mawe alimsimamisha hapo ngazini na kumwambia kwamba mwamba ni mwandishi mvivu. Huandika waliozikwa kwenye tope tu. Aliyekufa mahali pasipo tope hajaandikwa, na aliyeishi huko vilevile.

Jumatatu hiyo Babu alikuwa na siku tisa hajala. Mama Mawe alishuka, akainama juu ya tangi, akamtazama sana. Kisha akasema kwamba Ijumaa saa tatu asubuhi watamweka kwenye beseni la maji yenye mafuta ya karafuu. Atalala, na hataamka. Seli zake zitagandishwa zikiwa mbichi, vijiwe vya sikio vitatolewa, na yeye Mama Mawe atatia sahihi kwenye fomu ambayo ilikuwa kwenye droo yake tangu zamani, ile yenye kisanduku kilichoandikwa WAMETOWEKA. Vijiwe atavikata Sikio mwenyewe. Alisema hivyo kama mtu anayetoa zawadi, na kwa kweli ilikuwa zawadi.

Sikio akauliza kama haiwezekani kumwacha afe kwa wakati wake.

“Akifa usiku, asubuhi tunakuta uozo,” alisema Mama Mawe, kwa upole. “Wa mwisho hana ruhusa ya kufa ovyo, mwanangu.”

Alipopanda ngazi, mkono wake uliligusa lile bamba. Sikio aliona.

Ndipo Sikio akaamua kwamba kama Babu anakwenda, basi sauti yake ibaki. Jumanne alishuka na maikrofoni ya majini, akaizamisha, akavaa visikilizio. Saa saba kasoro dakika nne, ko, ko, ko. Babu akasimama, akasubiri. Sikio naye akasubiri, bila sababu, kidole kwenye kitufe cha kuzima.

Ko, ko.

Ilikuwa hafifu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Sikio aliganda. Mwangwi ungekuja palepale, na ungekuwa mapigo matatu. Haya yalikuja baada ya pumzi tano, nayo yalikuwa mawili. Babu aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Sikio amjue, aligeuka akaelekeza kichwa chini, kwenye sakafu ya tangi, akabaki hivyo kama mshale.

Sikio alimwita fundi wa pampu, mwanamume wa maneno mengi ambaye kwa miezi minane alikuwa hamsalimii bila kumuuliza kwa mzaha hali ya mchumba wake, yaani Babu, kama amekula na kama wamepanga tarehe. Fundi alisema mabomba ya jengo hili yanagonga tangu enzi za babu yake Babu. Sikio akamwomba azime pampu. Akazima. Akafunga na koki kuu. Jengo zima likanyamaza, wakasikia tone likidondoka mahali fulani. Wakavaa kisikilizio kimoja kila mmoja, vichwa vimekaribiana. Safari hii Babu hakungoja kesho yake. Babu akagonga. Kimya. Kisha chini, mahali ambapo pangepaswa kuwa na udongo tu, ko, ko. Sikio bila kufikiri aliinua vidole viwili. Fundi akatikisa kichwa kukubali, akavua kisikilizio, akakiweka juu ya meza taratibu kana kwamba kina moto.

“Mimi naenda kunywa chai,” akasema. Siku hiyo hakuuliza habari za mchumba.

Sikio alipanda ngazi mbilimbili, akaingia ofisini kwa Mama Mawe bila hodi, akasema kwa pumzi moja kwamba Babu kajibiwa, kajibiwa kwa mapigo mawili, fundi ni shahidi. Akasukuma kinasa sauti mezani.

Mama Mawe hakukigusa. Alivua miwani, akafumba macho kidogo, na Sikio akaelewa alichokifanya kabla hajaambiwa. Yeye, wa kusoma sheria ile ya wino mwekundu kila asubuhi.

“Umeshanipa namba,” Mama Mawe akasema. “Sasa hata nikisikiliza meza hii, itagonga mara mbili. Na fundi? Mlikuwa mnaangaliana?”

Sikio akakiri habari ya vidole.

Mama Mawe hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimweleza kwamba amewahi kuona watu wakisikia mengi kwa ajili ya mnyama wa mwisho. Mwenzake mmoja, mtu mwenye akili timamu, alikuwa akiona nyayo za ndege ambaye alikuwa amemkausha yeye mwenyewe kwa mikono yake. Upweke wa mnyama huambukiza. Fomu hii, alisema, ikiwekwa sahihi kwa makosa ni dhambi, na isipowekwa kwa sababu ya huruma ni uongo. Litafutwe sikio safi moja, lisiloambiwa kitu, kabla ya Ijumaa saa tatu. Vinginevyo beseni litakuwa tayari.

Sikio safi. Wafanyakazi wote kituoni walikuwa wameshapata habari, maana fundi alikunywa chai yake na watu sita. Basi Jumatano jioni Sikio alikwenda kwa mjomba wake.

Mjomba, kaka wa mama yake, ndiye aliyewatunza vigonga wa kituo kwa miaka ishirini na sita kabla magoti hayajamgomea. Ndiye aliyemfundisha Sikio, akiwa bado na meno ya utoto, kwamba maji yanayotoka kwenye tangi la vigonga lazima yapite kwenye kitambaa kilichokunjwa mara tatu, kila mara, hata kama tangi ni tupu, hata kama nyumba inaungua, maana yai la kigonga ni dogo kuliko nukta. Watoto wa ukoo walimcheka. Alikuwa akichuja hata maji ya kunawa.

Alimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio imezimwa. Akamwamkia, akaitikiwa, akaulizwa kwa nini amekonda, kama huko kituoni wanampa naye chakula cha samaki. Sikio akacheka ili apate nguvu. Kisha akamvalisha visikilizio, akampa karatasi na kalamu.

“Hesabu tu, Mjomba. Usiniambie. Andika, kunja, tia kwenye bahasha.”

Alikwenda jikoni ili uso wake usimsaliti. Alisikia kalamu ikikwaruza mara moja, ikakoma, ikakwaruza tena.  Aliporudi bahasha ilikuwa imefungwa, na mjomba alikuwa bado amevaa visikilizio ingawa sauti ilishakwisha. 

Alianza kuzungumza bila kuulizwa. Mwaka ule wa mayai ya mwisho, alisema, mkewe alikuwa hospitali, mtoto amekaa vibaya tumboni, na madaktari wamemwambia ajiandae kwa lolote. Yeye akakimbilia kituoni kubadilisha maji, akili yake yote imebaki wodini. Alifungua koki ya sakafuni. Maji yakatoka. Alipogeuka akakiona kitambaa kinaning'inia kwenye kamba, kikavu, kimekunjwa vizuri kama alivyokiacha. Sinia la mayai lilikuwa nusu tupu. Yaliyobaki yakaangua watoto kumi na mmoja, na kati yao akaishi mmoja tu, Babu. Kwenye daftari aliandika kwamba mayai yaliharibika.

“Mwanangu aliyezaliwa siku zile amefikisha miaka ishirini na miwili,” akasema. “Kila nikimwangalia nafurahi, halafu nakumbuka. Mimi ndiye niliyewamaliza, mpwa wangu. Siyo ukame. Siyo mtu mwingine.”

Sikio alipiga magoti mbele ya kiti. Aliuliza swali. Koki ile ya sakafuni, maji yake yalikuwa yanakwenda wapi?

Mjomba alimtazama kana kwamba hakuwahi kujiuliza. Kwenye hodhi, akasema. Hodhi la zamani la maji ya mvua, lililochimbwa chini ya jengo kabla ya kuja mabomba. Lilifungwa, likasahauliwa. Kifuniko chake kiko chini ya kabati la chupa za samaki waliohifadhiwa, palepale kwenye chumba cha tangi.

Ijumaa saa mbili na nusu Mama Mawe alishuka na beseni jeupe, glavu, na kichupa cha mafuta ya karafuu. Harufu ilijaa chumba, tamu, ya kutia usingizi. Alikuta kabati la chupa limesogezwa hadi ukutani, samaki waliohifadhiwa ndani yake bado wanayumba kwenye maji yao, na fundi na Sikio wamesimama kando ya duara la chuma, jasho likiwatoka. Sikio alimpa bahasha bila kusema kitu. Safari hii aliuma ulimi kwelikweli.

Mama Mawe alifungua. Mwandiko wa mtu aliyejaza madaftari yake kwa miaka ishirini na sita aliujua vizuri kuliko wa mumewe. Tatu, kilisema kikaratasi. Chini yake mstari. Chini ya mstari, mbili.

“Alijua?” aliuliza.

“Hakuambiwa hata ni sauti ya nini.”

Mama Mawe alitazama saa, akatazama beseni, akatazama duara la chuma.

“Fungueni,” akasema.

Kifuniko kilitoka kwa mlio uliowakereketa meno. Chini palikuwa na giza zito, na harufu ya mawe yaliyolowa. Fundi alimulika tochi. Maji yalikuwa karibu kuliko walivyodhani, meusi, na yalikuwa yanasogea. Hilo ndilo lililomfanya Mama Mawe apige magoti. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili, na maji ya hodhi lililofungwa hayana pa kwenda. Alitumbukiza mkono, akautoa haraka. Maji yalikuwa baridi kama chuma. Tochi ikatambaa ukutani mpaka ikakuta ufa, mwembamba, mrefu kuliko mtu, ulioingia ndani ya mwamba na hauonekani mwisho.

Nyuma yao, kwenye tangi, Babu aligonga. Haikuwa saa yake. Aligonga mara tatu.

Maji ya hodhi yakatulia. Kisha kitu kikapanda. Hakikufuata mwanga wa tochi. Kilipita ndani yake kama vile haupo, kikielekea ilikotoka sauti. Alikuwa samaki, mrefu kama kidole, mweupe kama nta, mwili wake unaonyesha mifupa. Macho yalikuwa nukta mbili chini ya ngozi, punje za mtama. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Walisimama bila kutikisa mapezi, vichwa vyote upande mmoja. Ko, ko, wakasema. Sakafu ilitetemeka kidogo chini ya magoti yao.

Mama Mawe alikuwa anahesabu kwa midomo. Sikio alijua anahesabu nini, kwa sababu naye alikuwa anahesabu hichohicho, miiba ya pezi la mgongoni. Kumi na mitatu. Kama wa bamba la ngazini, chini ya chumvi na juu ya chumvi.

“Mayai ya Mjomba,” Sikio alinong'ona, machozi yakimtoka bila aibu. “Hayakupotea.”

 Mama Mawe alisema mtoto anayekulia gizani anaweza kuwa mweupe, na mwembamba, hilo si ajabu. Lakini macho yale, hapana. Miaka ishirini na miwili haitoshi. Macho ya namna ile hupungua kizazi baada ya kizazi, wale wanaotumia nguvu chache zaidi kwa macho wakiishi muda mrefu zaidi, wakizaa wengi zaidi, kwa zama na zama. Akautazama ule ufa.

“Mayai ya mjomba wako yalifika,” akasema. “Lakini nadhani yalikuta wenyeji.”

Fundi alirudi nyuma hatua mbili. Mama Mawe hakurudi. Kwa miaka arobaini alikuwa ameuliza vigonga walikuwa wapi wakati ziwa ni chumvi tupu, na sasa swali lilikuwa linapumua baridi usoni pake. Waliingia huku, chini, walipokuwa hawana pengine. Mvua ziliporudi, wengine wakatoka, wakaandikwa tena kwenye tope. Na wengine hawakutoka kamwe.

Alinyanyuka kwa shida, akashika beseni, akamwaga maji yake kwenye sinki. Kichupa cha karafuu akakifunga kwa nguvu na kukitia mfukoni. Kisha, kana kwamba amekumbuka adabu, alivuta ndoo mbili, akazipindua, akazisogeza kando ya hodhi ili wakae mgongo kwa mgongo. Akampa Sikio karatasi moja, akabaki na nyingine. Fundi akaambiwa atoke nje na asinywe chai na mtu yeyote. Maikrofoni ikashushwa mpaka kwenye mdomo wa ufa.

Wakakaa. Sikio alihisi mgongo wa bosi wake dhidi ya wake, joto, ukipumua haraka kama wa msichana. Babu akagonga. Wale weupe wakajibu. Kisha wote, wa tangini na wa hodhini, wakanyamaza ghafla kwa pamoja, kama watoto wanavyonyamaza wakisikia hatua ya mzazi mlangoni.

Sikio alisubiri. Pumzi kumi. Ishirini. Kutoka mbali, mbali sana ndani ya mwamba, ikaja sauti nzito, ya polepole, aliyoisikia kwenye meno kabla ya masikio.

Aliandika. Nyuma yake kalamu nyingine ilikwaruza. Hawakugeuka mpaka wote walipokunja karatasi, wakabadilishana kwa mikono iliyopitishwa begani, wakazifungua.

Karatasi ya Mama Mawe ilikuwa na tarakimu tatu kwenye safu moja. Tatu. Mbili. Moja.

Ya Sikio ilikuwa vilevile.

Chumbani ilibaki harufu ya karafuu. Mama Mawe alitoa ile fomu kwenye koti lake, akaitazama, akaikunja mara tatu kama kile kitambaa cha kuchujia. Alisema kwamba kesho mtu aende na gari akamchukue mjomba, magoti au si magoti, na amletee kiti cha mikono. Sikio alisema atakwenda yeye mwenyewe, leo, sasa hivi. Lakini hakuinuka bado. Babu alikuwa amepaacha mahali pake pa kusubiri katikati ya tangi. Alikuwa amelala chini kabisa, tumbo juu ya saruji, akisikiliza, na baada ya kitambo, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu neno jipya mdomoni, aligonga mara mbili.